Salfa ya bure na kangomba wa kura

Kampeni zetu huku kusini mwa Tanzania huangukia wakati mbaya. Kuanzia mwisho wa Agosti hadi Oktoba, mkulima wa Tandahimba au Newala ameshamaliza akiba kwenye palizi na kupulizia, korosho ndiyo kwanza zinadondoka, na minada bado. Huo ndio msimu wa kangomba, mnunuzi wa magendo. Anapita nyumba kwa nyumba na noti mkononi, anakutoa shida ya leo, kisha anabeba korosho zako kwa bei ya kutupa na kwa kipimo chake mwenyewe. Mgombea naye hupita njia hiyohiyo, mwezi huohuo. Kangomba serikali imempiga marufuku; mgombea tunampokea kwa ngoma. Je, ahadi zake za vitu vya bure nazo ni hongo ya kuzuiwa na mahakama?

Si kwamba sheria imelala. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi iliongezewa vifungu vya takrima, vilivyomruhusu mgombea kukirimu watu kwa nia njema na kwa desturi. Aliyewahi kula pilau la kampeni anajua nia hiyo ilikuwa njema kiasi gani. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na LEAT na NOLA, mashirika mengine ya wanasheria, wakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 majaji wakavifuta: vilimbagua mgombea asiye na pesa na kuharibu uchaguzi huru. Mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Khanga na pilau, basi, zina dawa, walau kwenye karatasi.

Ahadi ya vitu vya bure iliyoandikwa kwenye ilani ni jambo jingine, na hapa India wametutangulia. Katika jimbo la Tamil Nadu, chama cha DMK kiliahidi televisheni za rangi mwaka 2006, kikaingia madarakani, kikazigawa. Mwaka 2011 wapinzani wao wa AIADMK wakapandisha dau: feni, mashine za kusagia, kompyuta mpakato. S. Subramaniam Balaji alipopeleka shauri mahakamani, Mahakama ya Juu ilijibu Julai 2013 kwamba hiyo si rushwa kwa sheria yao ya uchaguzi ya 1951. Sheria inambana mgombea. Ilani ni ya chama. Tena kuwagawia wananchi kunaweza kuhesabiwa kuwa kutimiza malengo ya katiba. Ila majaji hawakuficha kuwa zawadi hizo zinautikisa uchaguzi huru, wakaiagiza Tume ya Uchaguzi itunge miongozo. Agosti 2022 mjadala ukarudi palepale, ukapelekwa mbele ya majaji watatu.

Wanaotaka mahakama zizifute ahadi hizo wana hoja nzito. Anayegawa khanga anatoa mfukoni mwake. Anayeahidi kwenye ilani anatoa mfukoni mwako, na aliye madarakani tayari ana funguo za hazina. Kwa nini mdogo ashitakiwe na mkubwa apigiwe makofi?

Nasita kuwafuata hadi mwisho. Elimu bila malipo iliyoanza Januari 2016 ilikuwa ahadi ya kampeni za 2015. Jaji angeifuta? Na nani atachora mstari kati ya huduma na hongo? Salfa kwa mtu wa mjini ni unga wa njano unaonuka; kwa mwenye mikorosho iliyoshikwa na ugonjwa wa ubwiriunga ni dawa, ni mavuno yote ya mwaka.

Mjomba wangu nilimsindikiza ghalani kuchukua mgao wake wa salfa. Karani akamwambia, "Hii ya bure, mzee." Mjomba akahesabu mifuko mara mbili, akasema, "Bure ya korosho zangu." Hakukosea sana. Korosho ghafi zikisafirishwa nje hutozwa ushuru. Anaulipa mnunuzi, lakini ameshaupigia hesabu kabla ya kutaja bei mnadani. Asilimia 65 ya ushuru huo ilikuwa ikirudi kwenye zao la korosho hadi Bunge lilipobadili sheria mwaka 2018 na kuupeleka wote Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipiga kelele bila mafanikio. Miaka michache baadaye pembejeo zikaja kwa ruzuku ya asilimia 100, na zikapokewa kama hisani.

Kwa hiyo neno "bure" ndilo ningelibana, si ahadi yenyewe. Chama kiseme kwenye ilani ni shilingi ngapi na zinatoka kwenye tozo ipi, na msajili wa vyama akikatae kitabu cha ilani kisicho na hesabu hiyo. Najua udhaifu wa pendekezo langu: shilingi milioni 50 kwa kila kijiji, ahadi ya CCM mwaka 2015, ilitaja kiasi waziwazi kuliko nyingine zote, na bado vijiji vilibaki vikiiulizia. Kiasi bila chanzo hakitoshi.

Kuna kikwazo kingine ambacho wanaokimbilia mahakamani hawakigusi sana. Mgombea ubunge akihonga, ushindi wake unaweza kupingwa Mahakama Kuu. Mgombea urais akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa, Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwake. Na zile ahadi kubwa za bure, za nchi nzima, hutolewa na huyo wa pili.