Hayo si maji moto jameni

Nimesoma hii stori ya mama wa Kayole na mtoto wake wa malengelenge, alafu nikashuka kwa komenti nikapata watu wanasema ati alimchoma na maji moto, wengine ati karogwa. Wacheni hizo. Mtoto wa dadangu ako na huo ugonjwa, unaitwa epidamolisisi bulosa, na hauambukizi, ni wa kuzaliwa nao. Kwa ile aina yake ngozi inakosa kolajeni namba 7, hiyo ndio kama gundi inashikilia ngozi ya juu na ya chini, sasa hata lebo ya shati ikimkwaruza tu lengelenge linafura, na lisipotobolewa na sindano safi linazidi kupanuka. Dadangu humvalisha nguo ndani nje ndio mshono usimguse. Kubadilisha bandeji ni masaa mawili, analowesha kwanza pole pole, na zile plasta za duka hawezi jaribu juu zinatoka na ngozi. Vidole vya mkono wa kushoto vimeshaanza kushikana na makovu. Na wazazi wake ngozi zao ziko sawa kabisa, kumbe kila mmoja amebeba jeni moja mbovu bila kujua, kila mimba ni nafasi moja kwa nne mtoto azaliwe nao. Marekani walipitisha jeli ya kupaka vidonda 2023, inaitwa Vyjuvek, bei hata usiulize. Huku bado tunahangaika na bandeji isiyonata, na juzi makanga alimwambia dadangu ashuke na huyo mtoto wake, abiria wakanyamaza tu.