Jogoo Si Mzigo

Prezida si rais wa kitu chochote. Ni mtoto wa baba yangu mkubwa, anauza simu pale Nyawera, na cheo hicho alijipa mwenyewe jioni tulipokubaliana kushuka Uvira kwa pikipiki na kurudi Bukavu siku hiyo hiyo. Safari haikuwa na sababu, na raha yake ilikuwa hapo: kupita Nyangezi, kuteremka Ngomo kona kwa kona, kukata uwanda wa Ruzizi mpaka Ziwa Tanganyika, kula samaki wa mukeke, kugeuka.

Mpango aliuandika kwenye daftari la shule, lile la miraba. Kushoto saa, kulia mwendo. Kona za Ngomo alizihesabu kwenye ramani ya simu, akiikuza kwa vidole viwili mpaka macho yakamtoka machozi. Nikamwuliza kwa nini tusipite Rwanda kama watu wenye haraka zao: unavuka Ruzizi, unateleza kwenye lami mpaka Bugarama, unaingia tena Kongo pale Kamanyola na shati lako bado jeupe.

"Lami ni ya watu wanaoenda mkutanoni," akasema. "Sisi tunatafuta mlima."

Kisha akasimama anifundishe mlima. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, Tanganyika kwenye mita 770. Ruzizi inaziporomoka mita hizo karibu 700, ndiyo maana mabwawa ya umeme yamejengwa mtoni humo, na sisi tutaziporomoka pia, ila kwa adabu. Vitesi, yaani gia, ya pili, injini ikushikilie, freni unaigusa na kuiachia. Ukiikanyaga mfululizo gurudumu linapata moto, freni inalegea, na kuanzia hapo mguu wako unakanyaga hewa. Lazima niseme alieleza vizuri. Mwisho wa ukurasa, kwa kalamu nyekundu, akaandika: HAKUNA MZIGO.

Siri ilidumu mpaka mama yangu alipoleta chai.

"Munaenda Uvira kufanya nini?"

"Kutembea tu, mama."

"Kuko kilio?"

"Hapana."

"Kuko mutu anawadai?"

"Hapana, mama."

"Basi ni binti. Wa nani?"

Prezida akamfungulia daftari amwonyeshe saa na mwendo. Mama akalisoma ukurasa mzima, tena polepole, akalifunga.

"Sawa. Kama munaenda bule, mutabeba kabeji."

Mtu anayeenda Uvira bila sababu, Bukavu nzima inamtafutia sababu. Kabla ya kulala tulikuwa na kabeji za dada yangu aliyeolewa kule, viazi vya mama mdogo wa Kadutu, redio iliyokufa ya jirani ambayo fundi wake alihamia Uvira, na bahasha ya kanisa iliyobandikwa gundi mara tatu, sijui walituonaje. Prezida alivumilia yote. Alikuja kukataa kwa shangazi wa Panzi, alipotutolea jogoo wa wakwe zake.

"Shangazi, tuko na sheria. Hakuna mzigo."

"Jogoo si mzigo," shangazi akasema. "Mzigo haukuangalii."

Na kweli alikuwa anatuangalia. Tulimfunga miguu kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, tukamweka kwenye kikapu cha plastiki nyuma ya kiti cha Prezida, kichwa nje, uso kuelekea tulikotoka. Jogoo mwekundu, jicho moja kalifumba nusu kama karani wa ushuru anayesubiri useme ukweli. Viazi, redio na bahasha vikaja kwangu. Kabeji zilijaa gunia, tukalining'iniza kuliani mwa pikipiki yake. Saa kumi na moja ya alfajiri ya kwenye daftari ikawa saa mbili kasoro ya shangazi.

Mpaka Nyangezi hakuna cha kusimulia, isipokuwa Prezida kubaki nyuma. Mimi na viazi vyangu nasimama, namsubiri, anafika amenuna. Pikipiki haivuti, anasema. Yule kadafi, mchuuzi wa mafuta ya chupa aliyetuuzia pale mtaani Essence, ametuchanganyia na mafuta ya taa, na akirudi atamtafuta.

Ngomo, kwa asiyeijua, ni barabara iliyochimbwa ubavuni mwa mlima: upande mmoja mwamba, upande wa pili hewa, na Ruzizi chini kabisa. Kuna mahali gari mbili zikikutana lazima moja iwe na heshima. Kwenye kona moja ya namna hiyo tulikuta Fuso lililotoka Uvira limekwama, jiwe nyuma ya tairi, abiria wamekaa juu ya magunia ya ndagala. Tukasimama. Hapo ndipo ikaja harufu ya kitu kinachoungua.

"Ni lile Fuso," Prezida akasema. "Dereva hajui kutumia vitesi."

Mama mmoja juu ya magunia akainama. "Weye wa kofia! Ni weye unaungua."

Tukachungulia. Gunia la kabeji lilikuwa limeshuka kidogo kidogo na vumbi la njia, likakaa sawasawa juu ya kikanyagio cha freni ya nyuma. Mwalimu wetu wa mlima alitoka Panzi amekanyagiwa freni na kabeji za mama yangu. Mafuta ya kadafi yalikuwa safi kabisa.

Akamimina maji yetu ya kunywa kwenye gurudumu. Likapiga mluzi, mvuke ukapanda moja kwa moja kwenye kikapu, na jogoo, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, akalisema. Ukanda wa mpira ukaachia. Akapita kati ya miguu yangu, akaingia chini ya Fuso. Abiria wakaanza kutuongoza, kila mmoja upande wake. Prezida akalala tumboni na kofia yake ya chuma kichwani, mkono mmoja uvunguni, huku akimwita jogoo "papa, papa, kuya."

Konvoyeri, utingo wa Fuso, alimdaka kwa mkono mmoja bila kutoa sigara mdomoni. Akatueleza kwa upole kwamba kitu kinachokamatwa chini ya gari ni cha gari. Tulibishana kwa muda mrefu, na juu ya magunia kulikuwa na mzee aliyekuwa upande wetu mpaka aliposikia bei. Tukapatana: kabeji zote, halafu tusukume. Prezida alilisukuma Fuso kupanda Ngomo, daftari limechomoza mfukoni.

Kamanyola tulifika jua likiwa utosini. Kwa mujibu wa miraba tulipaswa kuwa Uvira tunalamba vidole, na mbele bado kulikuwa na Luvungi, Sange na Kiliba. Tukala maembe. Mzigo wangu tukampa dereva wa teksi aliyekuwa anashuka. Jogoo shangazi alimkatalia kwenye simu: "Kwa mutu sijui? Mumurudishe."

Tulipogeuza pikipiki kuelekea juu, mama mmoja mzima mwenye kifurushi cha mchele akauliza, "Munapanda?" Jibu lilimkuta ameshakaa nyuma ya Prezida, jogoo mapajani. Ngomo yote alimwelekeza yeye. "Ya kwanza, mwanangu. Sasa ya pili. Usiangalie kule, kule hakuna kitu." Alipoona ameelewa, akasinzia. Jogoo naye.

Panzi akashuka, akafungua fundo la kitenge, akahesabu noti.

"Hapana, mama," Prezida akasema. "Mimi si motari."

"Nimeona," mama akajibu, akarudisha noti moja kwenye fundo.

Prezida akapokea zilizobaki.