Mishumaa ya kuwakumbuka waliouawa majumbani inamsaidia nani hasa?

Kila ukifanyika mkusanyiko wa kuwakumbuka waliouawa majumbani na wenza au ndugu zao, na kuwaenzi manusura wa ukatili huo, ubishi lazima uzuke. Hawa wanasema bila hivyo watu wataendelea kufa kimya kimya, wale wanasema tumechoka, mshumaa haujawahi kuzuia ngumi ya mtu. Mi naona kote kuna ukweli, lakini kuna jambo pande zote mbili zinalipita juu juu, nalo ndo linaniumiza kichwa. Pale uwanjani tunawaweka pamoja watu ambao mahitaji yao hayafanani kabisa. Aliyeuawa anastahili jina lake litajwe kwa sauti, picha yake ionekane, watu wajue alikuwa nani. Manusura je? Wengi wao uhai wao unategemea kutoonekana.

Tuanze na wanaopinga maana huwa wanashambuliwa bure. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 peke yake wanawake na wasichana kama 51,100 waliuawa na wenza wao au ndugu wa familia, yaani kama 140 kila siku. Na maadhimisho sio mageni, Marekani wana mwezi wao wa kupinga ukatili wa majumbani, Oktoba, tangu 1987, tarehe 25 Novemba nayo Umoja wa Mataifa uliitangaza siku ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake mwaka 1999, kwa kumbukumbu ya dada watatu wa ukoo wa Mirabal waliouawa Jamhuri ya Dominika mwaka 1960 (hao waliuawa na utawala wa dikteta Trujillo, sio na waume zao, ila siku yao imebeba ukatili wote dhidi ya wanawake). Sasa mtu akiuliza miaka yote hii tumepunguza nini, hilo ni swali halali. Pia pesa za fulana, maspika na maturubai ni pesa ambazo zingelipa kodi ya nyumba salama, au nauli ya mama anayetoroka usiku na watoto wawili, na kiongozi aliyeshika maiki dakika arobaini akilaani ukatili anaweza akarudi ofisini kesho asiguse chochote.

Lakini ukiishia hapo unakuwa hujaelewa huu ukatili unavyofanya kazi. Mnyanyasaji haanzi na ngumi, anaanza na kukutenga. Anakugombanisha na ndugu zako, anapekua simu yako, anashika hela, mpaka unafika mahali unaamini ni wewe peke yako duniani una mume au mke wa namna hii na kosa ni lako. Halafu ukijikaza ukasema, unaambiwa vumilia, mambo ya ndani hayatolewi nje. Mtu aliyefungwa hivyo akipita mahali akakuta watu mia wamesimama wanasema wazi kwamba hili ni kosa la jinai na sio ugomvi wa wapenzi, kuna kitu kinalegea ndani yake hata kama hatamwambia mtu yeyote. Na jirani aliyekuwa anasikia kelele kila wiki anaongeza sauti ya TV, naye yupo pale anasikia.

Kuna mifano miwili ninayoipenda sana, yote ya mwaka 1990 Marekani. Minnesota, wanawake wasanii na waandishi walitengeneza sanamu za mbao nyekundu zenye ukubwa wa mtu, 26, kila moja na jina na habari za mwanamke aliyeuawa na mtu wake wa karibu, halafu wakaongeza ya 27 isiyo na jina, kwa ajili ya wale ambao vifo vyao havikuwahi kupata mhusika au vilipitishwa kama ajali. Mwaka huohuo kule Cape Cod, jimbo la Massachusetts, wanawake walianika kamba ya fulana 31, kila aliyepitia ukatili anachora na kuandika yake, nyeupe zikiwa za waliouawa. Ona tofauti yake. Marehemu wamepewa jina na umbo. Walio hai wamepewa nafasi ya kusema kila kitu bila mtu kuona sura zao. Hakuna aliyepandishwa jukwaani kulia mbele za kamera.

Hapo ndo mikusanyiko mingi inapokosea. Tunataka ushuhuda. Tunataka mama asimame aeleze alivyopigwa, tena kwa undani, watu watoe machozi, video iruke mtandaoni jioni ileile, wakati mashemeji zake wanaitazama, kesi bado ipo mahakamani na wakili wa upande wa pili anasubiri neno moja tu lisilolingana na maelezo aliyoandikisha polisi. Wapo manusura ambao kusimama pale kunawaponya kweli, sikatai, na kuwanyamazisha kwa jina la kuwalinda ni kuwaonea mara ya pili. Ila awe ameomba mwenyewe, na awe na haki ya kubadilisha mawazo dakika ya mwisho bila mratibu kununa.

Na tafadhali tuache ile kauli ya jukwaani ya "ondokeni leo leo". Kuondoka ndo kipindi cha hatari kuliko vyote, watafiti wamelisema hili kwa miaka mingi, maana yule mtu akiona anapoteza mamlaka yake ndo anaua. Mtu anahitaji mpango, nyaraka mahali salama, mtu anayejua anakokwenda, sio shangwe. Hata karatasi za kugawa, ukimpa mtu kipeperushi kikubwa kimeandikwa UKATILI WA NDANI akirudi nacho nyumbani umemponza, afadhali kikaratasi kidogo chenye namba tu, kiwekwe chooni achukue mwenyewe.

Kuhusu wanaume wanaopigwa, wapo, na mshumaa wao uwepo. Ila takwimu zileile za 2023 zinaonyesha karibu asilimia 60 ya wanawake waliouawa kwa makusudi waliuawa na wenza au ndugu, kwa wanaume ni karibu 12, kwa hiyo tusilitumie hilo kufuta picha kubwa.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa wanariadha wa Kenya. Agnes Tirop aliuawa Oktoba 2021, wenzake hawakuishia kuomboleza, wakaanzisha Tirop's Angels kusaidia wanaonyanyaswa. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei, Mganda aliyekuwa anaishi Kenya, akafa baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa, wiki chache tu tangu akimbie marathoni ya Olimpiki Paris. Mpinzani atasema unaona, haikusaidia. Mimi nasema bila yale maombolezo ya Tirop hata hiyo sehemu ya kukimbilia msaada isingekuwepo, na wale walioipata wakapona hawatakaa wawe habari. Sina jibu la kumshinda mpinzani hapo, maana aliyenusurika haonekani kwenye hesabu.

Kitu kingine hakizungumzwi kabisa, watoto wa marehemu. Mara nyingi mama kaburini, baba gerezani, na wao wanalelewa na upande mmojawapo. Jina la mama yao likisomwa mbele ya umati, wao ndo wanaoamka kesho kwenda shule na watoto waliosikia. Kabla ya kuchapisha ile picha kwenye bango, familia iulizwe, na mtoto mwenye umri wa kuelewa aulizwe yeye mwenyewe, akikataa basi. Na siku zinazofuata washauri nasaha wasiondoke na maturubai, kwa sababu anayeamua kuomba msaada anaweza asipige simu palepale uwanjani, atasubiri siku mwenzake hayupo nyumbani, na namba aliyopewa lazima siku hiyo ipokelewe.