Meno Yasiyouma Hayana Mtetezi

Kuugua kitu kisichouma hapa mjini ni kujitafutia dharau. Mwenye jino linalouma ana heshima zake. Akipanda daladala ameshika shavu, konda mwenyewe atasema, "Mpisheni mgonjwa hapo." Kazini anaruhusiwa kabla hajamaliza kueleza. Mimi haya yangu ya juu, upande wa kushoto, hayaumi. Yanakufa ganzi. Yanaanza kuwashawasha kwa ndani, kama sisimizi wanahamia nyumba mpya, halafu yanazizima. Nikiyapitishia ulimi naona nalamba meno ya mtu mwingine. Baada ya muda yanarudi, yametulia, hayana habari. Kesho kutwa, tena.

Nikamwambia Mama Zai.

"Yanauma?"

"Hayaumi."

"Yametoboka?"

"Hayajatoboka."

"Sasa Baba Zai, unataka niyafanyeje? Sogeza sahani, ugali unapoa."

Halafu akajipa udaktari. Eti usiku nasaga meno mpaka Zai anaamka chumba cha pili, na mtu anayesaga meno ana minyoo, hilo kila mtu analijua. Nikanunuliwa kidonge, nikatafuna. Minyoo kama ilikuwepo imekwenda zake, ganzi imebaki.

Bibi wa nyumba ya pili yeye akaleta karafuu. "Weka hapo kwenye fizi, mwanangu, utanishukuru." Karafuu, kwa wasiojua, ina mafuta yenye kitu kinaitwa eujenoli, na kazi yake ni kutia ganzi. Ndiyo maana inamfaa mwenye jino linalouma, na hata madaktari wa meno wanaitumia kwenye dawa zao. Kwa hiyo mgonjwa wa ganzi nikapewa ganzi ya nyongeza. Jioni nzima sikujua ipi ni ugonjwa na ipi ni tiba. Bibi alipouliza, nikasema imesaidia. Ungemwambia nini bibi wa watu?

Kijana wa duka la dawa hakusubiri hata nimalize kueleza, mkono ulishafika kwenye antibaiotiki. Nikamwuliza zinaua nini. "Zinaua kilichopo." Nikaziacha palepale kwenye kaunta.

Ikabidi niende kwa daktari wa meno. Nikakaa kwenye foleni na watu walioumuka mashavu, wananiangalia nilivyokaa mzima mzima kama nimekuja kuuza kitu. Nikajaribu kukunja uso kidogo. Nilipoingia, daktari, kijana mpole, akachukua kile kichuma chake akaanza kugonga jino moja moja kwa mpini.

"Hili linauma, baba?"

"Haliumi."

Ko, ko. "Hili?"

"Haliumi."

Akaendelea mpaka nikamwonea huruma. Nusura niseme moja linauma ili asivunjike moyo. Akaja na kipamba kilichopozwa, akakibandika jinoni, hapo nikaruka. Kumbe ndicho alichokuwa akikitafuta. Akafurahi, akasema jino liko hai. Picha ya eksirei nayo ikatoka safi, hakuna kilichooza, hakuna usaha kwenye mzizi. Nikalipa pesa nzima kuambiwa sina kitu.

Lakini alinifundisha, siwezi kumnyima haki yake. Kumbe jino lenyewe halina ujuzi wa kuhisi kuguswa. Ule mguso unaousikia ukitafuna unatoka kwenye nyuzi nyembamba zinazoushikilia mzizi kwenye mfupa. Na karibu habari zote za kuhisi usoni zinabebwa na mshipa mmoja wa fahamu, wa tano kati ya zile jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo, wenye matawi matatu: la paji la uso, la shavu na meno ya juu, na la taya la chini. Kwa hiyo kelele inaweza kupigwa kwingine, lawama likapewa jino. Mafua yaliyokwama kwenye uwazi wa shavu yanaweza kukorofisha meno ya juu, maana mizizi ya magego iko jirani kabisa. Upungufu wa kalsiamu nao, au wa vitamini B12. Akanipima na damu. Akasema pia ganzi ikishika kidevu isiachie, niwahi hospitali bila kungoja siku ya miadi, na uso ukilegea upande mmoja ghafla, niende saa hiyohiyo. Hapo nikapapasa kidevu. Kipo.

Damu nayo ikatoka safi.

"Baba, una kawaida ya kukaza taya?"

"Daktari, mimi ni mpangaji Dar es Salaam."

Akacheka, mimi sikucheka. Akasema anayekaza taya mchana na kusaga usiku anaichosha misuli mpaka uso wote unalalamika. Na mtu mwenye hofu anapumua harakaharaka, hewa chafu inatoka kupita kiasi, kalsiamu inayofanya kazi kwenye damu inashuka, midomo na vidole vinaanza kuwashawasha. Akanipa bei ya kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku. Mama Zai alipoisikia akasema, "Kwa hela hiyo, wewe saga tu."

Basi daktari akaniagiza daftari: ganzi ikija, niandike siku na nilichokuwa nafanya. Nikaandika. Alhamisi, baba mwenye nyumba kapiga simu. Jumamosi, kaja mwenyewe, kasimama mlangoni, hataki kukaa. Jumapili yupo msibani mkoani, meno mazima. Jumatatu karudi.

Nikaona ushahidi ninao. Nikampelekea daftari baba mwenye nyumba, nikamweleza kwa adabu zote mambo ya mshipa wa tano na matawi yake, nikamwomba tu asiwe ananishtukiza. Mzee akavaa miwani, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akilowesha kidole. Akachomoa kalamu, akaandika chini ya maelezo yangu kwa mwandiko mzuri wa kizamani: "Miezi sita, kabla ya tarehe 5." Akaweka na sahihi.

Nikalipeleka kwa daktari hivyohivyo. Akasoma, akaifikia ile sahihi, akaisogeza karibu na macho.

"Huyu mzee si ndiye mwenye zile nyumba nyingine za Tabata?"

"Ndiye."

Akafunga daftari, akaanza kujipapasa shavu.