Darasa Lina Kuta Ngapi?

Jumanne nilimpeleka mwanangu maktaba kurudisha vitabu, nikakuta karatasi imebandikwa kaunta: vidude vya waifai, vile vya kuazima upate intaneti nyumbani, haviazimwi tena. Nyuma yangu alisimama jirani yetu, mama wa Kikongo, chake kakishika mkononi, waya kaufunga kwa kibana nywele cha binti yake. "Dada, banasema nini pale?" Nikamsomea. Akanyamaza kidogo. "Sasa batoto?"

Mnaoishi Marekani mnajua yaliyotokea. Vidude vile vilikuja kwa fedha za dharura za wakati wa korona, zikakata Juni 2024. Julai ya mwaka huohuo Tume ya Mawasiliano, FCC, ikasema sawa, E-Rate, ule mpango wa kuzilipia shule na maktaba intaneti, itavilipia. Tukapumua. Septemba 30, 2025, kura mbili kwa moja, wakafuta, na waifai ya mabasi ya shule waliyoiruhusu 2023 wakaifagia humohumo. Sababu? Sheria ya mawasiliano ya 1996 imetaja madarasa na maktaba. Nyumbani si darasa. Basi la shule si darasa. Mabingwa wa kusoma, hawa!

Mimi nimekulia Tanga. Kwetu darasa lilikuwa baada ya Alasiri: sheikh barazani, mkeka, sisi tumekunja miguu, mbuzi wa jirani akipita katikati. "Leo kuna darasa?" ndivyo tulivyoulizana, na hakuna aliyemaanisha jengo. Darasa lilikuwa pale mtu anapofundisha na mwingine anapofundishika. Mvua ikinyesha lilihamia ukumbini kwa sheikh, na halikuacha kuwa darasa.

Sasa hapa Ohio mwalimu anatoa kazi saa tisa alasiri, iingizwe kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku. Maktaba inafungwa saa mbili. Hizo saa nne mtoto yuko darasani au hayuko? Kama hayuko, mbona anapewa sifuri?

Haya, nikiri. E-Rate yenyewe ipo. Shule za watoto maskini bado zinalipiwa hadi asilimia 90 ya intaneti, na hadi 85 ya ruta, swichi na nyaya za ndani. Kazi kubwa imefanyika, sikatai. Na ndiyo, vidude vingine huishia kulala kwenye droo za watu. Vitabu vya maktaba vilivyo chini ya kitanda changu navyo tuviiteje?

Wala msiniambie habari ya kodi ya watu. Fedha hizi zinatokana na ile ada iliyojificha chini ya bili ya simu, ambayo Mahakama ya Juu iliibariki Juni 2025. Mama yule naye anakatwa, kila mwezi, kwa simu anayopigia Goma.

Jana usiku nikitoka kazini nilipita pale maktaba. Saa tatu na robo, taa zimezimwa, magari manne kwenye maegesho. La kwake nililitambua kwa bampa iliyofungwa kamba. Yeye kwenye usukani na fulana ya ghala, kalala mdomo wazi; binti kiti cha nyuma, uso unang'aa kwa mwanga wa kompyuta, vioo vimeshika ukungu. Nikagonga kidogo, nikamuuliza binti kama inashika.

"Hapa inashika, mama. Ule mstari wa nyuma ndiyo haifiki."