Pumzi tano au shoti ya umeme: kuchagua kozi ya kuokoa uhai ukiishi kando ya ziwa

Kikundi chetu cha wenye boti na wahudumu wao, watu 14 kwa jumla, kilikuwa na fedha ya kozi moja tu mwaka huu. Ofa zilizotufikia kwenye simu zikawa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya asubuhi moja katika ukumbi wa hoteli katikati ya Jiji la Mwanza: mkufunzi kutoka Dar es Salaam, masomo kwa Kiingereza, mashine ya kushtua moyo juu ya meza, na mwishoni kadi ya American Heart Association, chama cha Marekani cha magonjwa ya moyo. Ya pili ilikuwa ya siku mbili, kwa Kiswahili, hapa hapa mwaloni Kirumba, penye boti na soko la samaki kando ya Ziwa Victoria, chini ya turubai. Wakufunzi wake walitwambia bila kuficha kwamba wana midoli miwili ya mazoezi, mmoja kifua chake hakirudi vizuri ukikikandamiza, na mashine hawana, labda waazime. Ya hoteli ilikuwa ghali karibu mara tatu.

Tulibishana jioni tatu, na ya pili nusura tugawanyike. Mimi nilikuwa upande wa turubai tangu mwanzo, lakini waliotaka hoteli walikuwa na hoja ambazo sikuweza kuzipangua zote.

Wa kwanza kusema alikuwa kijana wetu mmoja anayetafuta maisha. Leo anashika injini ya boti, kesho anaweza kuomba kazi mgodini Geita, melini au hotelini, na huko wakiiona kadi ile hawaulizi mara mbili. Muda wake unajulikana, miaka miwili, na mwajiri anaweza kuihakiki mtandaoni. Cheti cha turubai, hata kikigongwa muhuri, kinahitaji maelezo. Halafu kadi hiyo haitolewi kwa mtu aliyetazama video tu. Lazima apimwe akiwa amepiga magoti mbele ya mdoli. (Zile za kujibu maswali kwenye simu na kupakua cheti hapo hapo hatukuzihesabu kama ofa.)

Hoja nzito zaidi ilikuwa mashine. Moyo wa mtu mzima unaposimama ghafla, mara nyingi haunyamazi mara moja. Unatetemeka ovyo, kila msuli na lake, na damu haisukumwi. Kukandamiza kifua kunafikisha damu kidogo kwenye ubongo, lakini kinachokata mtetemo ule ni shoti ya umeme. Kila dakika inayopita bila shoti na bila kukandamizwa, nafasi ya kupona inapungua kwa asilimia 7 hadi 10. Christian Eriksen alipoanguka uwanjani Copenhagen Juni 2021, alikandamizwa kifua na kupigwa shoti pale pale kwenye nyasi, na baadaye akarudi kucheza. Watu wa Mwanza tuna kumbukumbu ya upande mwingine. Desemba 2016 kijana wa timu ya vijana ya Mbao FC alianguka Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, katika mechi ambayo yeye mwenyewe alifunga bao, akafariki. Mwenzetu mmoja alilikumbusha hilo jioni ya kwanza na kikao kikatulia.

Tena abiria wetu wanazeeka. Wanapanda botini na presha zao na sukari zao, wamebeba magunia. Kwa hiyo anayesema mashine ile ni anasa ya Wazungu hajafikiri. Na kuna jambo dogo lililonigusa: mashine hiyo inaongea, inakuelekeza hatua kwa hatua, na mara nyingi inaongea Kiingereza. Anayeikuta kwa mara ya kwanza siku ya taharuki atapoteza dakika akishangaa.

Lakini kinachoua majini kinaanzia kwingine. Aliyezama tatizo lake la kwanza halikuwa moyo. Alikosa hewa, moyo ukaendelea kupiga mpaka damu ikaishiwa oksijeni, ukapunguza mwendo, ndipo ukasimama. Ndiyo maana mashine ikiunganishwa kwa mtu aliyezama, mara nyingi itasema shoti haihitajiki. Mashine ni nzima, ila hakuna mtetemo wa kukata. Mtu huyo anadai pumzi.

Miongozo mikubwa inalijua hilo. Baraza la Ufufuaji la Ulaya linataka aliyezama aanziwe na pumzi tano kabla ya kifua kuguswa. Wamarekani, katika mwongozo wa waliozama waliouboresha Novemba 2024, wanaanza na pumzi mbili. Mzee mmoja wa kikundi alicheka tulipomsomea: "Sasa hao wenyewe hawajaelewana, sisi tufuate nani?" Tukamjibu, mzee wetu, wameelewana kwenye lililo kubwa: pumzi inatangulia. Baada ya hapo ni mikandamizo 30 kwa pumzi 2, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kifua cha mtu mzima kishuke sentimita 5 hadi 6 na kiachwe kirudi juu chote.

Hapa ndipo kozi nyingi fupi zinapotupoteza sisi wa pwani ya ziwa. Tangu mwaka 2008 Marekani imekuwa ikihimiza raia wa kawaida wakandamize kifua tu, bila kupuliza mdomoni, wakimwona mtu mzima ameanguka ghafla. Ushauri huo una akili. Aliyekuwa akipumua sekunde chache zilizopita bado ana oksijeni kwenye damu, na wengi wanaona kinyaa au wanaogopa magonjwa, kwa hiyo heri mikono kuliko kusimama kutazama. Shida inakuja mtu anapouchukua ushauri wa barabarani na kuuleta mwaloni ulivyo. Ukimkandamiza kifua bila kumpulizia mtoto aliyetolewa majini, unazungusha damu isiyo na kitu.

Basi tukapiga simu pande zote mbili na swali moja: mtoto ametolewa majini, hapumui, tunaanza na nini? Wa hoteli, aliyepokea akasema kwa muda uliopo watakazia mikono na mashine, pumzi "zitaguswa". Wa turubai akajibu kabla sijamaliza kuuliza: "Mnaanza kupuliza. Na mnaacha kumminya tumbo." Nisiwe mwonevu, mtaala wa kadi ile una pumzi ndani yake. Aliyeharibu ni mratibu aliyeubana ndani ya asubuhi moja ili watu wawahi chakula cha mchana.

Hilo la tumbo linahitaji maneno zaidi, kwa sababu huku kwetu ndiyo huduma ya kwanza yenyewe. Mtu akitolewa majini atalazwa kifudifudi juu ya pipa au ukingo wa mtumbwi, aminywe tumbo, mtoto atashikwa miguu aninginizwe, ili "maji yatoke". Yanayotoka mengi ni ya tumboni. Yanaweza kupanda na chakula, yakaingia tena kwenye njia ya hewa, na dakika ambazo angepuliziwa zinakuwa zimekwenda. Kozi isiyolitaja jambo hili kwa jina lake, mbele ya wazee wanaoliamini, kwetu haijafika, hata iwe na mashine tatu mezani.

Ukirudi nyuma kwenye historia unakuta elimu yote hii ilizaliwa kwenye maji. Mwaka 1767 watu wa Amsterdam, jiji la mifereji, walianzisha chama cha kuokoa waliozama, na kati ya mbinu walizohimiza ilikuwamo kupuliza mdomo kwa mdomo (pamoja na nyingine ambazo leo zinachekesha, kama kupuliza moshi wa tumbaku kwa njia ya haja kubwa). Kukandamiza kifua kwa mtindo wa leo kulikuja baadaye sana, kutoka Hospitali ya Johns Hopkins mwaka 1960. Mdoli maarufu wa mazoezi uliotengenezwa Norway miaka hiyo hiyo ulipewa sura ya msichana asiyejulikana ambaye, kama inavyosimuliwa, aliopolewa kutoka Mto Seine, Paris. Kwa hiyo anayejifunza hotelini akiwaza uwanja wa mpira, huenda ameinamia uso wa mtu aliyekufa maji.

Kuna hoja moja ya upande wa pili iliyonisumbua kuliko ya kadi. Mwenzetu aliuliza: tukimkandamiza mtu kisiwani, gari la wagonjwa liko wapi? Kutoka kisiwa cha Ukara hadi hospitali yenye vifaa ni safari, na hadi Bugando, hospitali kubwa ya rufaa jijini Mwanza, ni safari kubwa zaidi. Kwa nini tujifunze nusu ya kazi ambayo nusu yake nyingine haipo? Kwa mtu ambaye moyo umesimama wenyewe, swali hili ni kali kweli. Kukandamiza kunanunua muda tu, na muda huo usipofika kwenye shoti na hospitali unaisha.

Kwa aliyezama mambo hayako hivyo, na ndicho kilichonifanya nisitetereke. Anayetolewa mapema, pumzi zimekata lakini moyo haujasimama bado, anaweza kurudi kwa pumzi chache za mtu aliyepiga magoti kwenye mchanga. Hapo hakuna waya wala betri, na gari linaweza kuja baadaye. Linahitajika bado, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye, na aliyezinduka asiachwe akalale nyumbani. Lakini tendo lililomrudisha lilikuwa la mtu wa kwanza kumfikia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano, watoto ambao mara nyingi wa kwanza kuwafikia ni jirani anayefua au mvuvi anayeanika dagaa.

Mimi nina cheti tayari. Nilikipata miaka iliyopita katika kozi ya nusu siku, watu zaidi ya 30 kwa mdoli mmoja, kila mmoja akikandamiza mara kumi hivi huku nyuma wanamhimiza amalize. Kina ukingo wa dhahabu. Miezi michache baadaye mtoto alitolewa majini mbele yangu, wazee wakamlaza kwenye pipa, nami nikasimama nikijaribu kukumbuka kama zilikuwa 15 au 30. Akakohoa mwenyewe, Mungu mkubwa. Tangu siku hiyo huwa naanza kuuliza idadi ya midoli kabla ya bei. Mikono inasahau haraka, ndani ya miezi, wakati karatasi inasema miaka miwili.

Lugha nayo si jambo la heshima tu. Baadhi yetu Kiswahili chenyewe ni cha pili baada ya Kisukuma au Kikerewe. Kukiwa na kelele na mama analia, hakuna atakayetafsiri. Na mahali pa kujifunzia pana maana yake. Kwenye zulia la hoteli mdoli unalala vizuri. Kwenye boti ya mbao kuna mbavu za boti, nyavu, madumu, na sehemu ngumu iliyonyooka ya kumlaza mtu mzima unaitafuta. Tulitaka kufanya zoezi hilo ndani ya boti yetu wenyewe, ikiwa imefungwa gatini, na pia kujifunza kurusha kamba au dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri badala ya kujitupa majini na kuongeza maiti ya pili.

Kuna aliyejaribu kutumia MV Nyerere kama hoja, ile iliyopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018 na kuua watu zaidi ya 220. Nilimkatalia. Msiba wa namna ile unazuiwa gatini, kwa kuhesabu abiria na kugawa jaketi okozi. Tusiupe mdoli kazi ya nahodha.

Mwisho tulichukua turubai, kwa masharti yaliyoandikwa: mdoli mbovu utengenezwe au uazimwe mwingine, pumzi zifundishwe kwa kila mtu na si kwa maonyesho, mashine ya mazoezi iletwe japo kwa saa moja ili kila mmoja abandike pedi na kusikia inavyoongea, na wakufunzi warudi baada ya miezi sita kutupima. Lililoongezwa na wa upande wa hoteli, na walikuwa sahihi, ni kukausha kifua kwanza. Pedi haishiki kwenye ngozi iliyolowa na umeme unapita juu ya maji badala ya kuingia kifuani, kwa hiyo taulo linakaa kwenye sanduku moja na barakoa ya kupulizia. Kijana wetu wa mgodini tumemchangia nusu ya ada ya kadi. Nusu nyingine ni juu yake.

Mashine yenyewe bado hatujakubaliana. Kuna wanaosema tuchange polepole, iwekwe gatini. Wengine wanauliza nani atakayekumbuka kubadilisha betri na pedi, maana zote zina tarehe ya kuisha, kwenye kikundi ambacho kizima-moto chake kimekwisha muda tangu mwaka juzi. Kikao kijacho ni Jumapili, na agenda ya kwanza imeandikwa kizima-moto.