Wanaume wa Dar, naomba radhi

Tuliwacheka sana wanaume wa Dar. Mimi mwenyewe, nikiwa bado Temeke, nilisambaza vile vichekesho: mwanaume wa Dar anapaka losheni mpaka kwenye visigino, juisi anainywa kwa mrija, akiambiwa achinje kuku anamtafuta jirani. Mwanaume hasa alikuwa wa mikoani, mwenye kifua na sauti ya kuitia ng'ombe.

Sasa nina mwaka wa sita hapa Göteborg, Sweden, na aibu imeanza kunishika.

Siku moja kwenye tramu kapanda kaka mmoja, mtoto kambeba kifuani, kucha za mkono mmoja zimepakwa rangi ya waridi, tena rangi imevuka mpaka kwenye nyama ya kidole. Aliyempaka bila shaka ni yule binti mdogo aliyekuwa kamng'ang'ania suruali. Hakuna aliyemtazama mara mbili isipokuwa mimi. Nilipitiliza kituo.

Nikawasimulia mashosti zangu kwenye grupu. Mmoja akauliza, "Sasa huyo atakulinda au utamlinda?"

Anilinde na nini, jamani? Nimekulia nyumba ya kupanga, vyumba sita ua mmoja. Usiku hatukuwa tukimsikilizia mwizi. Tulikuwa tunasikilizia viatu vya mume wa chumba cha pili, tujue leo karudi na hali gani. Ukishakulia hapo, mwanaume anayeongea taratibu si kichekesho. Ni usingizi.

Mwaka 1998 David Perrett na wenzake wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, walichezea picha za nyuso kwa kompyuta, nyingine wakazikaza ziwe za kiume zaidi, nyingine wakazilainisha zielekee kike. Kwa watu wa Scotland na wa Japani, nyuso za wanaume zilizolainishwa kidogo ndizo zilizopendeza zaidi, na zile zilizokazwa zilionekana za watu baridi, wasio waaminifu sana. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote, lakini mimi ule wa kwanza nimeuelewa bila mwalimu.

Na wapo wanawake ambao wala hawawazi usalama. Wanapenda uzuri tu: shingo nyembamba, ngozi iliyotunzwa, nguo inayomkaa mtu. Mwanaume akipenda uzuri haulizwi sababu, kwa nini sisi tuandike barua ya maelezo?

Tena pwani hatukuanza leo. Neno "mtanashati" ni sifa, na udi na marashi haviishii kwa wanawake. Shangazi yangu wa Magomeni anasema mumewe alimpendea mawili: harufu yake akitoka kuoga, na kwamba akirudi aliuliza "umekula?" kabla ya "kuna nini cha kula?"

Nisiipambe Sweden lakini. Ulaini si ukarimu. Kuna mmoja hapa, macho kama ya twiga, alinipeleka kunywa kahawa kisha akanidai nusu yangu kwa simu kabla sijafika nyumbani. Sikurudi.

Tofauti ninayoiona ni kwamba huku ulaini una mahali pa kukaa. Tangu 1974 likizo ya mtoto ni ya wazazi wote wawili. Leo ni siku 480, na 90 kati ya hizo ni za kila mzazi, hawezi kumwachia mwenzake. Kwetu sheria ya kazi ya 2004 ilimpa baba siku 3. Siku tatu hata kitovu hakijadondoka.

Desemba nilikuwa Mbagala kwa kaka yangu, dereva wa lori, mkono kama mchi. Shemeji kaenda sokoni, yeye kaketi kwenye kigoda, binti yake katikati ya magoti, anamsuka mabutu. Njia zimenyooka kuliko zangu. Hodi ikapigwa mlangoni, sauti ya mwanaume. Kaka akanirushia kitana, akasimama, akakohoa, akamwambia mtoto, "Haya, shangazi atamalizia."